Habari za Selestino wa Nawaikula na Neno Alilolimeza Kwaresima

Tegeni masikio, enyi mlioketi na enyi mlio njiani. Aliyeshika panga na aliweke chini, na anayepuliza moto na auache uwake wenyewe. Nitawasimulia vita vilivyopiganwa kisiwani kwetu siku ya Ijumaa, katikati ya Kwaresima, juu ya mikeka, baina ya saa ya chakula na saa ya maji kupwa. Haukuchomolewa upanga vitani humo, wala haikumwagika damu, kilimwagika kikombe kimoja cha chai. Na hata hivyo nawaambia, tangu babu zetu wakanyage ufuko huu, hajatokea shujaa aliyetokwa na jasho jingi kiasi kile akiwa ameketi.

Ilikuwa tumemaliza Njia ya Msalaba, watu wanatoka kanisani na magoti yao yangali na alama za mkeka, ndipo boti nyekundu ilipouzunguka mwamba bila taarifa wala barua. Mbele ya boti alisimama mtu mnene mwenye shati la maua, ameinua juu fungu la mizizi ya yaqona, kinywaji chetu cha heshima, kama mfalme ainuavyo fimbo ya enzi. Mawimbi yakampiga kushoto, hakuyumba. Yakampiga kulia, hakuyumba. Kelele zikapaa kutoka ufukoni mpaka jikoni, na kutoka jikoni mpaka mashamba ya magimbi:

"Mtani! Jamani, mtani amekuja!"

Watu wa Yanulevu ni watani wetu tangu kale, kwa kuwa mizimu ya kwao na mizimu ya kwetu ilinyonya ziwa moja. Mtani akija huingia bila hodi, hutukana bila kosa, huchukua bila kuomba, na ni mwiko kumkasirikia. Silaha tuliyoachiwa ni moja tu, kumjibu. Akikutupia neno mbele ya wazee, akapiga makofi matatu na wewe hujajibu, basi mali yako moja, aipendayo yeye, ni yake. Na mpaka atakaporudi, visiwa vyote hukiita kijiji chako kijiji cha mabubu.

Na huyu hakuwa mtani wa hivi hivi. Alikuwa Apisai, Apisai ambaye tumbo humtangulia na ulimi humfuata, Apisai aliyewanyamazisha watu wa Nukuvou mpaka wakampa mlango wa nyumba. Kwao hawana desturi ya kufunga Kwaresima. Kwake Ijumaa ile ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ni siku nzuri ya kutembelea watu.

Mwaka mwingine wowote tungepiga vigelegele. Mwaka mwingine wowote tungemtanguliza mbele Selestino, Selestino mwana wa Visesio, mwembamba wa mwili na mpana wa maneno, radi ya mikekani, mwiba wa wageni, ambaye siku askofu alipotuzuru alimchekesha mpaka kofia ya kiaskofu ikaangukia kwenye bakuli la supu. Macho yote ya Nawaikula yakamgeukia yeye.

Naye Selestino akatazama majani ya mnazi, kana kwamba hajawahi kuyaona.

Sharti nirudi nyuma kidogo, ili mjue kilichomfunga jabari huyu.

Mama yake alizaa ndimi mbili. Wa kwanza ulikuwa wa Kalisito, kaka mtu, msemaji wa kijiji chetu. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya wageni na mbele ya misiba, akasema yale ambayo sisi wengine tunayahisi lakini hatujui pa kuyaanzia. Wa pili ulikuwa wa Selestino, naye alichekesha. Kwa miaka mingi ndimi hizi ziliishi kwa amani, kama mwezi na jua.

Kisha ukatokea msiba kijiji cha jirani, na Kalisito akatumwa kupeleka jino la nyangumi. Kwetu jino la nyangumi ndilo neno lenyewe. Bila jino, rambirambi ni pumzi tu. Akalitia kapuni. Mke wake, kwa huruma ya wake wote duniani, akatia humo humo kipande cha mhogo uliochemshwa, asije mume akaona njaa baharini. Nyumba ya msiba ilikuwa na giza, na kwa adabu msemaji huinamisha macho. Kalisito akatia mkono kapuni, akainua kitu kwa mikono miwili, akasema maneno ambayo walioyasikia walilia, na waliokwisha kulia wakalia tena. Alipomaliza, akainua macho, akaona kwamba alichomwinulia marehemu kwa niaba ya kijiji kizima ni mhogo.

Wenyeji ni watu waungwana. Mzee wao akaupokea kwa mikono miwili, akapiga makofi ya heshima, akajibu hotuba yote mpaka mwisho, akauweka mhogo juu ya mkeka pamoja na meno mengine.

Jambo lingeishia hapo. Ila Selestino alikuwepo.

Alilisimulia tulipofika nyumbani, tukacheka. Akalisimulia kwenye ubatizo. Akalisimulia kwa watu wa meli ya mizigo, na meli ya mizigo huenda mbali. Kila safari liliota tawi jipya, na ilipofika Krismasi yule mzee muungwana alikuwa, baada ya kuupokea mhogo, anageuka na kuuliza kama kuna chumvi. Kalisito mwanzoni alicheka pamoja nasi. Baadaye akawa anatabasamu. Baadaye akawa haji barazani, na kijiji kikabaki na ulimi mmoja.

Jumatano ya Majivu ilipofika, katekista Sosefo, mchungaji wetu siku zote ambazo padri hayupo, alisimama na majivu yangali vidoleni, akamtaka kila mkuu wa nyumba ataje atakachokiacha mpaka Pasaka. Huyu akaacha yaqona, yule akaacha yaqona, wengine wakaacha tumbaku, na zamu ikamfikia Selestino.

"Mimi," akasema, mkono kifuani, "naacha nyama ya kopo."

Kanisa likaangua kicheko, kwa sababu tangu kimbunga kilipokipiga kisiwa, duka letu halijaona nyama ya kopo hata ile iliyobonyea.

Katekista hakucheka. "Selestino, usichonacho si sadaka. Wewe una nini?"

Nasi tukasubiri jibu, kwa maana lilikuwa linakuja, tuliliona likimpanda kooni. Lakini halikutoka. Akasimama pale akiwa na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, akajitafuta mifukoni kana kwamba ameulizwa kitu kinachoshikika. Mwishowe akagusa midomo yake.

"Nina huu."

"Basi funga huo."

"Utani wote?"

"Wote. Neno la kuchekesha lisitoke humo mpaka Pasaka."

Watu wakacheka hapo pia. Selestino akasema, "Haya," akaketi.

Nani ataziimba taabu zake? Alitafuna tangawizi ili ulimi uwe na kazi. Katekista alipoteleza kwenye ngazi za kanisa na ndoo ya maji ya baraka, akajibariki mwenyewe kuanzia utosini mpaka visiginoni, Selestino aliuma mkono wa shati lake kwa nguvu, na mpaka leo mkono huo ni mfupi kuliko mwenziwe. Usiku mke wake Losana alimsikia akicheka usingizini, akamwamsha, kwa kuwa hawakujua sheria ya Kanisa inasemaje kuhusu ndoto.

Ila jambo moja lilimtokea ambalo hakulitazamia. Jioni wanaume walipoketi na chai yao ya majani ya mlimau, na yeye hana la kutia, mazungumzo yakawa na mapengo. Katika mojawapo ya mapengo hayo akasikia sauti kutoka ng'ambo ya kijito. Ko. Kimya. Ko.

Alipofika nyumbani akamuuliza Losana, "Nani huyo anapasua kuni saa hizi?"

"Kaka yako. Si kila jioni?"

"Kila jioni? Tangu lini?"

"Mwaka unaisha sasa, baba Torika. Wewe ulikuwa unaongea."

Kesho yake akavuka kijito. Akakuta kuni zimepangwa mpaka zimelipita paa la jiko, kuni za kupikia harusi kumi, na Kalisito ameinamia gogo jingine.

"Umekuja kuniomba chumvi?" akasema Kalisito bila kugeuka.

"Sina utani, kaka. Nimefunga."

"Nimesikia. Wanasema hutamaliza wiki."

"Rudi barazani."

"Nikafanye nini? Nikifungua mdomo tu, watu wanatazama mkononi nimeshika nini."

Selestino akaokota gogo, akalisimamisha juu ya kisiki ili kaka yake alipasue.

"Nisikilize," akasema. "Kwa katekista niliahidi kwa sababu aliniuliza mbele za watu. Wewe nakuahidi bila kuulizwa. Mpaka Pasaka hakuna neno la kuchekesha litakalotoka mdomoni mwangu. Lisikuhusu, likuhusu, halitoki. Njoo ukae."

"Na nikija, nikalisikia linatoka?"

"Usirudi tena. Wala mimi sitakuja kukuita."

Kalisito akashusha shoka. Gogo likagawanyika katikati. "Tutaona," akasema, lakini jioni ile hakuja, wala zilizofuata.

Hiyo ndiyo hali ya jeshi letu siku Apisai alipotia mguu ufukoni.

Wazee wakashauriana, mashauri mafupi ya watu wanaosikia adui akija huku anaimba. Mtani ameleta yaqona. Yaqona hupokewa kwa maneno yake. Maneno hayo anayajua mmoja tu. Wakatuma watu ng'ambo ya kijito. Kalisito akaja na vumbi la kuni nywelini, akaketi karibu na mlango, mahali pa mtu anayetaka kuondoka mapema. Akaipokea yaqona kwa maneno machache yaliyotetemeka kama maji kwenye sahani. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza, hakumtazama Apisai wala wazee. Alimtazama mdogo wake. Selestino akatazama mkeka, akameza neno lililomjia, na mlango wa kwanza ukawa umelindwa.

Fungu la yaqona likapandishwa darini.

"Mnalipeleka wapi hilo?" akauliza Apisai.

"Linangoja Pasaka, mtani," akasema katekista. "Karibu chai ya majani ya mlimau."

Apisai akakipokea kikombe, akachungulia ndani. "Mizizi yangu nimeilea shambani mpaka ikanizoea, mnaificha darini, mnanipa maji ya kuogea mtoto mwenye vipele. Haya. Nani anapigana leo?"

Akatangulia katekista Sosefo, mtu mwema, aliyejitoa mhanga kwa ajili ya kundi lake. Akakohoa. Akajiweka sawa.

"Apisai," akasema, "wewe... umenenepa."

Apisai akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Pole, mzee wangu. Kaa, upumzike."

Ndivyo alivyoanguka katekista. Baada yake wakaanguka wawili zaidi, mmoja kwa kusahau neno katikati, mwingine kwa kujicheka mwenyewe kabla hajaanza. Apisai akajipangusa mikono, akaigeuza merikebu ya tumbo lake kumwelekea yule aliyemfuata.

"Selestino! Mbona kimya? Au yale meno ya bandia uliyopewa hospitali yamekubana?"

"Hapana," akasema Selestino. "Yananikaa vizuri. Ahsante kwa kuuliza."

Watu wakacheka. Selestino akashtuka kama mtu aliyekanyaga kaa, akamgeukia kaka yake mlangoni. "Hilo halikuwa la kuchekesha," akasema haraka. Wakacheka zaidi. Jasho likaanza kumtoka.

"Ana nini huyu?" akauliza Apisai.

"Amefunga utani," akasema Losana, akipakua chakula.

"Amefunga nini? Jamani! Mtu hufunga nyama, hufunga pombe. Mbona hamkumfunga na jogoo asiwike? Mnaniletea chumvi iliyofunga kukolea!" Akapiga paja. "Nimepigwa na mawimbi nije kupambana na simba, nakuta mmefuga kondoo, tena kondoo mwenye adabu, ananiuliza hali. Selestino, mkono mmoja wa shati lako umekwenda wapi?"

"Niliuma."

"Uliuma!"

"Kulikuwa na sababu."

Nyumba ikatikisika. Selestino akaziba uso kwa viganja, kwa maana alitambua, naye ni fundi wa kazi hiyo, kwamba hata ukweli mtupu ukipita kinywani mwake hutoka umevaa kengele. Tangu hapo akajibu kwa neno moja. Ndiyo. Hapana. Karibu. Aliyapanga maneno hayo mbele yake kama mfungwa apangavyo mawe, na Apisai akayarukia yote.

"Njiani nimemwona nguruwe," Apisai akasema, akibadili silaha. "Nguruwe mweupe mwenye doa begani. Amenitazama kwa upendo. Wa nani?"

"Hana mwenyewe yule," akasema Losana.

"Amefungwa nyuma ya nyumba yako, shemeji."

"Amepita tu."

Lakini ulikuwa ukweli unaojulikana na wote. Nguruwe yule alikuwa wa Selestino na Losana, amelelewa kwa machicha ya nazi tangu kimbunga, ili siku Bwana atakapofufuka kijiji kizima kipate nyama, kwa kuwa mashamba yalikuwa yamevunjika na hakuna nyumba nyingine iliyobakiwa na mfugo wa kuchinja. Sasa kila mtu alijua kinachopiganiwa.

Chakula kikaandaliwa: samaki, majani ya magimbi kwa tui zito, na mhogo uliochemshwa. Apisai akala kama mtu anayepakia mzigo mtumbwini. Kisha, bila kujua alifanyalo, nami naapa hakujua, kwa maana meli ya mizigo haifiki Yanulevu, akachagua kipande kimoja cha mhogo. Kilikuwa kirefu, cheupe, kimepinda kidogo, kimechongoka upande mmoja. Akakiinua kwa mikono miwili, juu ya kichwa chake, mbele ya wazee.

"Basi niambie hili tu, Selestino, na nguruwe abaki kwake. Mtani wenu nimekuja kwa heshima zote, nanyi mnaniwekea mbele yangu kitu gani hiki?"

Ee anga, ee miamba, mlikuwa mashahidi. Nzi waliacha kuruka. Wazee wakasahau kutafuna. Hakuna mtu wa Nawaikula, tangu kikongwe mpaka anayenyonya, ambaye hakuuona ule mhogo na hakuuona ule mwingine nyuma yake. Na neno likamjia Selestino. Halikuja kipande kipande kama maneno ya watu wa kawaida. Lilikuja zima, limeoga, limevaa, mwanzo wake na mwisho wake umekamilika, neno ambalo mchekeshaji hulipata mara moja maishani akiwa na bahati. Tuliliona linamfikia. Nyusi zilipanda. Kifua kikajaa. Midomo ikaachana.

Karibu na mlango, Kalisito aliweka kiganja sakafuni, kama mtu anayejiandaa kuinuka.

Apisai akapiga kofi la kwanza.

"Baba Torika," Losana akanong'ona, akiwa nyuma yake, "neno moja tu. Kwa makelele haya hata Mungu hatasikia."

"Jibu!" wakasema wazee. "Mwanaume, nguruwe anaondoka!"

Kofi la pili.

Hapo ndipo Selestino alipofanya tendo lile. Akanyoosha mkono sinia, akashika kipande cha mhogo, kikubwa kuliko vyote, akakitia mdomoni kizima. Akakisukuma kwa kidole gumba. Mashavu yakavimba, macho yakatoka, machozi yakamtiririka, na neno likabaki ndani likipiga hodi kwenye meno ya hospitali bila kufunguliwa. Akatapatapa kutafuta cha kuteremshia, akakipiga kikombe, chai ikamwagika juu ya mkeka mpya wa Losana.

Kofi la tatu.

Yakawa yamekwisha. Nawaikula ikashindwa mbele ya wazee wake, kwenye mikeka yake yenyewe, na shujaa wake hawezi hata kusema pole, kwa kuwa alikuwa angali anatafuna.

Nguruwe hakukubali matokeo. Alikokotwa mpaka ufukoni akilalamika kwa sauti ambayo ilisema yote tuliyokuwa tunayawaza. Akina mama wakamsindikiza kama binti anayeolewa mbali. "Angefunga sukari kama watu wengine," akasema mzee mmoja, na hakuna aliyembishia. Losana alikunja mkeka wenye chai, akausugua kijitoni, akausugua tena mahali ambapo palikwisha takata.

Kilibaki kuagana, na kuagana nako kuna maneno yake. Wazee wakasitasita, kila mmoja akimtazama mwenziwe. Ndipo Kalisito alipoondoka mlangoni. Akapita katikati ya watu, akaketi mbele, mahali pake. Akaletewa mkeka wa zawadi umekunjwa. Kabla ya kuuinua aliufunua, akauchungulia ndani. Akaukunja. Akaufunua akauchungulia tena. Watu zaidi ya arobaini walimwona akifanya hivyo, na hakuna hata mmoja aliyecheka, kwa kuwa yule ambaye sisi hungoja aanze kucheka alikuwa ameinamisha kichwa, kimya, kama mtu aliye ibadani.

Kisha Kalisito akasema. Sitawarudishia maneno yake, siyawezi. Alisema juu ya bahari inayotugawa na bahari hiyo hiyo inayotuunganisha. Akawataja waliokufa wa Yanulevu kwa majina yao, na waliokufa wa kwetu pamoja nao. Akasema kwamba nyumba iliyoporwa na mtani hulala milango wazi. Mwanzoni sauti ilikuwa na kutu. Katikati ikashika njia. Tulikuwa tumesahau. Nilimwona katekista ameshika kifua. Apisai mwenyewe, mvunja vijiji, mnyakuzi wa milango, alijipangusa macho kwa pembe ya shati lake la maua, akasema, "Huyu mlikuwa mmemficha wapi? Darini?"

Boti ikaondoka na maji yanayokupwa, nguruwe amesimama mbele, mahali pale pale aliposimama Apisai wakati wa kuja, naye hakuyumba.

Watu wakatawanyika bila kumsemesha Selestino. Akabaki ufukoni akiondoa mhogo kwenye meno kwa ulimi. Kalisito akaja akasimama kando yake. Wakaitazama boti mpaka ikawa nukta.

"Ulikuwa nalo," akasema Kalisito.

"Nilikuwa nalo, kaka."

"Ulipofungua mdomo nikajua basi. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka."

"Nilikuona."

Boti ikapotea nyuma ya mwamba.

"Lilikuwa zuri?"

Selestino akafumba macho. "Kaka, usiniulize. Ningeweza kufa kesho, watu wangenizika wakicheka."

Kona ya mdomo wa Kalisito ikatikisika. "Lilikuwa na mhogo ndani?"

"Lilikuwa na mhogo. Lilikuwa na nyangumi. Na yule mzee."

"Wa chumvi?"

"Safari hii haombi chumvi."

Kalisito akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda kwa shida kama mtu mzima anayepanda mnazi baada ya miaka, kisha kikafika juu na kumtikisa mabega, mpaka akalazimika kuketi mchangani. Akajifuta macho.

"Basi niambie," akasema. "Anaomba nini?"

Selestino akatikisa kichwa.

"Niambie bwana. Tuko wawili tu. Mwenye mhogo ni mimi, nami nimekuruhusu."

"Mpaka Pasaka."

"Nguruwe ameondoka! Kijiji kizima kimekununia, mkeo leo atalala amekupa mgongo. Umeshalipia kila kitu. Unabania nini tena?"

"Nilikuahidi."

"Na mimi ndiye ninayekuambia useme!"

"Ndiyo, kaka. Lakini nilikuahidi."

Kalisito akamgeukia. "Je, ukilisahau?"

Uso wa Selestino ukasawajika. "Hapo ndipo ninapoogopa," akasema. Akaketi mchangani kando ya kaka yake, akakaza midomo, na kwa mara ya kwanza katika habari zetu hizi alionekana akitetemeka.

Basi waandikao na waandike, na wachongao mawe na wachonge, ili wajukuu wasije wakasema hawakuambiwa: kwamba mwaka ule wa kimbunga, Ijumaa moja ya Kwaresima, katika kijiji cha Nawaikula, palikuwa na mtu mwenye neno, akapewa ruhusa ya kulisema na yule yule aliyeweza kuumizwa nalo, na hakulisema.